Riwaya za zamani za watoto huchelewa wapi, na namna ya kuzisoma kwa sauti

Katika The Secret Garden, riwaya ya Frances Hodgson Burnett iliyotoka kama kitabu mwaka 1911, bustani inayotajwa kwenye jina inafunguliwa mwishoni mwa sura ya nane. Kitabu kizima kina sura 27. Kabla mlango haujafunguka, Mary Lennox amefiwa na wazazi wake kwa kipindupindu huko India, amesafirishwa mpaka kwenye jumba la mjomba wake Uingereza, amepigwa na upepo wa nje siku baada ya siku, amegombana na msichana wa kazi, amezoeana na mtunza bustani mwenye maneno makavu, na ameanza, kidogo kidogo, kuona njaa. Ukimsomea mtoto sura moja kila usiku, mlango huo atausubiri zaidi ya wiki nzima.

Wasomaji wengi hawafiki huko. Usiku wa tatu au wa nne mtoto anajinyoosha, anauliza zimebaki kurasa ngapi, na kitabu kinarudishwa kabatini kikiwa na hukumu: watoto wa siku hizi hawana subira, au vitabu vya zamani vinachosha. Nimewahi kutoa hukumu zote mbili, na sasa naamini zote zilikuwa za haraka. Neno "taratibu" tunalitumia kwa mambo kadhaa yasiyofanana. Kila moja lina chanzo chake, na kila moja linadai lisomwe kwa namna yake.

Kwanza tuondoe kosa moja. Kitabu kuwa cha zamani hakukifanyi kiwe cha taratibu. Pinocchio ya Carlo Collodi ilianza kutoka kwa vipande mwezi Julai 1881 katika gazeti la watoto la Italia. Hadithi ya vipande haina ruhusa ya kusinzia, kwa sababu msomaji akichoka leo hatalitafuta toleo lijalo. Ndiyo maana gogo linaanza kulalamika mle mle kwenye sura ya kwanza, na haupiti muda kikaragosi ameshaunguza miguu yake. Collodi aliifunga hadithi kwenye sura ya 15, Pinocchio akiwa ananing'inia mtini, amekufa. Wasomaji wakakataa katakata. Akalazimika kumfufua na kuendelea mpaka sura ya 36, kitabu kikatoka mwaka 1883. Sura ni fupi, kila moja ina kishindo chake, na mtoto wa leo huimeza bila msaada. Mwenye hofu ya vitabu vya zamani aanzie hapo.

Sasa twende kwenye zile ambazo kweli zinakwenda pole.

Polepole ya kwanza ni ya maelezo yaliyokuwa yakifanya kazi ya picha. Riwaya ya Jules Verne ya nyambizi ya Kapteni Nemo ilitoka kwa vipande kati ya mwaka 1869 na 1870 katika jarida la mchapishaji Pierre-Jules Hetzel, jarida ambalo jina lake lenyewe liliahidi elimu na burudani kwa pamoja. Hetzel alitaka hadithi zibebe sayansi mgongoni. Basi nyambizi inasimama, dirisha linafunguliwa, na Conseil, yule mtumishi anayejua kupanga viumbe kwa makundi yao, anaanza kuwataja samaki mmoja baada ya mwingine. Kwa mtoto wa 1870 ambaye hakuwa na njia nyingine ya kuiona bahari kwa ndani, orodha ile ilikuwa dirisha. Mtoto wa leo ameshaziona filamu za miamba ya matumbawe kabla hajajua kusoma. Maneno ni yale yale, ila kazi yaliyokuwa yakiifanya imekwisha. Hapa mimi huruka bila kuomba radhi. Nasoma samaki watatu au wanne wenye majina matamu, jicho linateremka mpaka mahali mtu anapofungua mdomo au kitu kinapogonga chombo, sauti inaendelea pale. Msikilizaji hajui kama nimeruka, na hajapoteza kitu.

Ya pili kwa sura inafanana na hiyo, lakini kwa ndani ni kinyume chake kabisa, na wengi wanaharibu kwa kuzichanganya. Hii ni polepole inayojenga. Zile sura nane za Burnett hazijazi nafasi. Mary anafika akiwa mtoto mwenye hasira, asiyependwa na asiyejua kupenda, na siku zinazofanana ndizo zinazombadilisha: upepo, kukimbia kwa ajili ya kupata joto, chakula anachokikataa leo na kukimaliza wiki ijayo. Ukikata hapo ili ufike haraka bustanini, utafika na mtoto mwingine, ambaye mlango haumhusu. Kipimo ninachokitumia ni kujiuliza kama mhusika ametoka kwenye aya hii akiwa yule yule aliyeingia. Akiwa yule yule, na hakuna alichokiona kitakachohitajika mbele, aya hiyo inaweza kurukwa. Akiwa amesogea hata kwa unywele, inasomwa yote.

Ya tatu ni mawaidha. The Swiss Family Robinson ya mwaka 1812 iliandikwa na mchungaji, Johann David Wyss, na baba wa hadithi hiyo hawezi kukata mti bila kutoa somo. Kwenye mambo kama hayo sina huruma. Mtoto husikia mahubiri kwa mbali kama mbwa anavyosikia ngurumo, na ukiyasoma yote atafunga masikio hata pale hadithi itakapoanza tena.

Kuna pia vitabu vyenye miendo miwili ndani ya jalada moja. Kenneth Grahame alianza The Wind in the Willows kwa kumsimulia mwanawe visa vya Chura kabla ya kulala, kisha kwa barua alizomwandikia mwaka 1907. Visa hivyo, pamoja na magari yanayoibwa na kutoroka gerezani, vinakimbia. Lakini kitabu cha 1908 kina sura nyingine alizoziongeza, kama ile ya saba ambamo Panya na mwenzake Fuko wanamtafuta mtoto wa fisimaji aliyepotea usiku kucha mtoni, na karibu hakuna kinachotokea zaidi ya mwanga kubadilika. Matoleo mengi yaliyofupishwa yameitupa sura hiyo. Mimi naiona ni bora kuliko zote, lakini sikuisoma kwa mpangilio. Niliiweka kando mpaka jioni moja nyumba ilipokuwa kimya na hakuna aliyekuwa na haraka, nikaisoma peke yake kama hadithi inayojitegemea. Sura kama hizo zinavumilia kuhamishwa.

Sikio na jicho

Kwa nini ujisumbue kusoma kwa sauti? Kwa nini usimpe mtoto kitabu asome mwenyewe, au usubiri akue?

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza ufahamu wa kusoma kwa hesabu rahisi: uwezo wa kutambua maandishi, mara uwezo wa kuelewa lugha. Zingatia kwamba ni kuzidisha, si kujumlisha. Mtoto wa miaka saba anaweza kuwa na lugha tele kichwani, anaelewa kijicho, majuto na ahadi iliyovunjwa, lakini kama kutambua maandishi bado kunamtoa jasho, jibu linabaki dogo. Nguvu yake yote inaishia kwenye silabi. Mtu mzima anaposoma kwa sauti anamwazima macho, na ile lugha iliyokuwa imekaa bure inapata kazi. Hii ndiyo sababu mtoto anaweza kufuata kwa sikio kitabu ambacho kwa jicho kingemshinda kwa miaka mingi bado, na ndiyo sababu si busara kuacha kumsomea siku anapojua kusoma. Kujua kusoma ni mwanzo wa jicho. Sikio liko mbele sana.

Halafu kuna msamiati. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walihesabu maneno adimu katika lugha ya Kiingereza, yaani yale yasiyo miongoni mwa maneno 10,000 yanayotumika zaidi. Katika vitabu vya watoto walikuta 30.9 kwa kila maneno 1,000. Katika mazungumzo ya watu wazima waliosoma chuo kikuu, 17.3. Yaani tukizungumza na mtoto kutwa nzima, hata tukiwa watu wa maneno mengi, bado hatumpi maneno anayoyapata kwenye kitabu chake mwenyewe. Tunapoongea, uso, mikono na vitu vilivyo mbele yetu vinabeba nusu ya maana. Kitabu hakina mikono, kwa hiyo lazima kitafute neno lenyewe.

Na kuna jambo ambalo hesabu hizo hazilioni, nalo ni sentensi. Sentensi za riwaya hizi ni ndefu kwa sababu ziliandikwa wakati ambapo kusomeana kwa sauti nyumbani lilikuwa jambo la kawaida, na mwandishi alijua kuna pumzi itakayozibeba. Chukua hii niliyoitunga kwa mfano wa zile:

"Ule mlango, ambao hakuna aliyeugusa kwa miaka kumi, na ambao mmea uliotambaa ukutani ulikuwa umeufunika mpaka watunza bustani wenyewe wakasahau ulipo, ulikuwa pale pale alipokuwa amesimama."

Mtoto anayesoma peke yake akifika kwenye "ulikuwa" ya mwisho amekwama. Ni nini kilichokuwa pale pale? Mlango unachukua u-, mmea nao unachukua u-, vyote ni vya ngeli moja, na mmea ndio ulio karibu. Sarufi haimsaidii. Sauti inamsaidia. Sema "ule mlango" kwa sauti ya juu kidogo na uiache hewani, kama mtu aliyenyanyua kikombe na bado hajanywa. Shusha sauti na uharakishe yale mawili ya katikati, kwa sababu ni habari za pembeni. Kisha pumua, rudi kwenye kimo kile kile ulichokiacha: "ulikuwa pale pale." Sikio linaunganisha kimo na kimo, na mlango unapata kitenzi chake bila mtu kufundishwa chochote. Jaribu kuisoma yote kwa sauti moja iliyonyooka, uone mwenyewe inavyogeuka kuwa ukuta. Nimegundua kwamba mara nyingi watoto wakilalamika kuwa kitabu kinachosha, kinachochosha ni sauti iliyonyooka ya mtu aliyechoka.

Sihitaji kuigiza. Sauti tofauti kwa kila mhusika ni jambo zuri kwa anayeliweza, na ni mzigo kwa asiyeliweza. Kinachohitajika ni kuiona sentensi mpaka mwisho kabla ya kuianza, na hilo linakuja kwa kuupitia ukurasa haraka kwa macho dakika tano kabla ya kusoma.

Kitabu cha taratibu, usomaji wa haraka

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulielewa. Tukikutana na kitabu kinachokwenda pole, na sisi tunapunguza mwendo: kurasa tatu leo, ruka siku mbili, kurasa nne, simama ueleze neno, simama uulize swali. Tunadhani tunamhurumia mtoto. Kumbe tumeigeuza wiki moja ya Mary kuwa miezi miwili ya kwetu.

Matokeo ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex yaliyochapishwa mwaka 2018 yalinifungua macho. Walimu 20 wa Kiingereza waliwasomea wanafunzi wa miaka 12 na 13 riwaya mbili ngumu, nzima nzima, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa kasi kuliko ule wa kawaida wa darasani ambao husimama kila aya kuchambua. Ilichukua wiki 12. Ufahamu wao ulipopimwa, ulikuwa umepanda kwa wastani sawa na miezi 8.5, na waliokuwa wasomaji dhaifu walipanda sawa na miezi 16. Waliotarajiwa kuachwa nyuma na mwendo ndio waliofaidi zaidi. Ninavyoelewa mimi, msomaji dhaifu huumizwa zaidi na vituo. Kila ukisimama, yeye ndiye anayepoteza uzi, kwa kuwa hana mazoea ya kuushika.

Fanya hesabu ya kitabu chetu, The Secret Garden. Kina karibu maneno 80,000. Anayesoma kwa sauti kwa utulivu hutamka takriban maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo kitabu kizima ni kama saa tisa. Dakika 20 kila usiku ni chini kidogo ya siku 27. Dakika 40 ni wiki mbili tu, na mlango unafunguka usiku wa nne au wa tano. Kitabu ni kile kile, lakini kungoja kwake kunakuwa kungoja kwa kawaida, kunakovumilika, kunakokolea. Usiku usiowezekana uachwe, lakini unaowezekana uwe mrefu.

Maneno magumu yasikusimamishe. Nikikutana na neno ambalo najua halifahamiki, naongeza maneno mawili ya maana mle mle kwenye sentensi, kana kwamba mwandishi ndiye aliyeyaweka, na naendelea. Mengine nayaacha yapite. Neno likirudi mara tatu katika hali tofauti mtoto hulikamata mwenyewe, na siku moja utalisikia likitoka mdomoni mwake kwenye ugomvi na ndugu yake.

Yanapotoka mdomoni mwako

Kuna ugumu mwingine ambao hautokani na mwendo. Katika sura ya nne, Mary anamwambia msichana wa kazi kwa hasira kwamba wenyeji wa India si watu, ni watumishi tu. Mwandishi anatuonyesha kuwa Mary ni mtoto aliyedekezwa na mwenye kiburi, lakini kauli yenyewe hakuna anayeijibu. Inapita.

Anayesoma kimya anaikuta kauli hiyo kwenye karatasi. Anayesomewa anaisikia kwa sauti ya mtu anayempenda, ile ile inayomwita kula na kumbembeleza akiumwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na sioni wakiizungumzia vya kutosha wanaobishana kuhusu vitabu vya zamani. Sauti yako inaidhamini kauli, utake usitake. Kwa hiyo hapa, na karibu hapa tu, mimi husimama. Siku hiyo nilishusha kitabu magotini nikasema, "Huu ni uongo, na wakubwa waliomlea ndio waliomfundisha." Binti yangu akauliza, "Wale waliokufa?" Nikamwambia ndiyo. Akafikiri, akasema niendelee.

Wakati mwingine kusimama hakutoshi. Hadithi za Doctor Dolittle, yule daktari anayezungumza na wanyama, ambazo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1920, zilikuwa na dhihaka nzito kwa Waafrika, na mwaka 1988 wachapishaji wa Marekani walitoa toleo lililoondolewa sehemu hizo. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto nchini humo kiliondoa jina la Laura Ingalls Wilder kwenye tuzo yake kwa sababu ya namna vitabu vyake vinavyowasawiri wenyeji wa Amerika na watu weusi. Sikubaliani na wanaosema vitabu hivyo vifichwe kwa kila mtu. Kijana wa miaka 14 anaweza kuvisoma na kuvibishia. Lakini kwa mtoto mdogo, kitabu ambacho dhihaka imo kwenye mifupa yake na si kwenye ukurasa mmoja, sikisomi kwa sauti yangu. Vipo vingine vingi, na miaka ya kusomeana ni michache. Kukitofautisha kimoja na kingine kuna njia moja tu, ya kupitia kitabu chote peke yako kwanza. Usitegemee kumbukumbu ya utotoni, maana tulivyokuwa wadogo mengi yalitupita.

Mikono ya mtoto

Usidai mtoto akutazame. Binti yangu alisikiliza nusu ya kitabu akiwa amenipa mgongo, anachora sakafuni, na wiki ya kwanza nilikuwa nikijizuia nisimwambie aache. Mkono wenye kazi nyepesi huacha sikio wazi. Kinachoziba sikio ni kazi yenye maneno: kioo cha simu chenye maandishi, mazungumzo ya mtu mwingine chumbani.

Wala usimfanyie mtihani baada ya sura. Swali ninaloliuliza ni moja, na ninaliuliza kesho yake kabla ya kuanza: "Tuliishia wapi?" Ni swali la kweli, kwa kuwa mara nyingi na mimi nimesahau, na mara nyingi alilala kabla sijamaliza. Anapojibu ndipo najua alichokishika, na pale anapoishia ndipo ninapoanzia.

Sura ya saba inamalizika Mary akiupata ufunguo wa bustani, umezikwa udongoni. Anauona kwa sababu ndege mdogo mwenye kidari chekundu alitua kwenye kilima kidogo cha udongo mbichi kutafuta mnyoo, na udongo ulikuwa mbichi kwa sababu mbwa alikuwa amechimba shimo akimwinda fuko. Yule mbwa ana sentensi moja tu, wala hatumuoni. Nilimsoma kwa pumzi moja nikiukimbilia ufunguo.

Jioni iliyofuata nikauliza tuliishia wapi. Hakutaja ufunguo. Aliweka penseli chini, akageuka, akasema, "Mbwa alikuwa anamtaka fuko, lakini hakumpata."

Tukaanzia hapo.